Kutaka na Kupungukiwa: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza na Swali la Mungu Anayetaka

Kitenzi cha Kiingereza “want”, ambacho mwanafunzi wa Afrika Mashariki hufundishwa katika madarasa ya mwanzo kuwa maana yake ni kutaka, hakikuanza maisha yake kikiwa na maana hiyo. Kiliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambao walifika Uingereza wakiwa wavamizi na baadaye wakawa walowezi, na katika lugha hiyo kitenzi “vanta” kilimaanisha kupungukiwa, yaani kukosa kitu ambacho kilipaswa kuwapo. Kwa karne kadhaa Waingereza waliendelea kukitumia kwa maana hiyohiyo, na hata katika tafsiri ya Biblia iliyochapwa mwaka 1611 chini ya Mfalme James, aya ya kwanza ya Zaburi ya 23 inakitumia kueleza kwamba mja aliye chini ya Mchungaji wake hatapungukiwa na kitu; msomaji wa leo asiyeijua historia hiyo anaweza kudhani kwamba mtunzi wa zaburi anaahidi kutotaka chochote, jambo ambalo ni fundisho jingine kabisa. Maana ya kutamani ilianza kushika mizizi katika karne ya 18, na hata hivyo haikuifuta ile ya kwanza. Mwaka 1942, William Beveridge alipotoa ripoti iliyoweka msingi wa huduma za ustawi wa jamii nchini Uingereza, alitaja majitu matano ya kupigwa vita, na mojawapo aliliita kwa neno hilohilo, akikusudia ufukara na wala si tamaa. Ni adui yuleyule ambaye Mwalimu Nyerere alimwita umaskini alipomtaja pamoja na ujinga na maradhi.

Historia ya neno haithibitishi lolote kuhusu nafsi ya binadamu, lakini historia hii inagusa swali ambalo ni la kale kuliko Kiingereza chenyewe: je, kutaka ni kupungukiwa? Katika Symposium, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato katika karne ya 4 kabla ya Kristo kuhusu karamu iliyofanyika mjini Athens nyumbani kwa mshairi Agathon, Socrates anambana mwenyeji wake kwa maswali mafupi mpaka anakubali kwamba mtu hutaka tu kile asicho nacho, hivyo aliye mrefu hawezi kutaka kuwa mrefu, wala mwenye nguvu kutaka kuwa na nguvu. Socrates mwenyewe analiona pingamizi linalokuja, kwa maana watu wenye afya njema husema kila siku kwamba wanataka afya, na jibu lake ni kwamba watu hao wanataka afya ya kesho, ambayo bado haimo mikononi mwao. Jibu hilo linasikika kama ujanja wa kutoroka, ila lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa limeuhamisha upungufu kutoka kwenye vitu na kuupeleka kwenye wakati: mtu aweza kuwa na mali, watoto na siha, na bado akawa fukara wa kesho, kwa sababu kesho hakuna aliye nayo.

Nadharia hii, ambayo hapa itaitwa nadharia ya upungufu, inashikilia kwamba kila kutaka ni dalili ya pengo, na kwamba pengo likijazwa kutaka hukoma. Ina nguvu kubwa ya kuvutia, kwa sababu njaa na kiu, ambazo ni matakwa ya kwanza ya kila kiumbe, zinaonekana kufuata mkondo huo bila shida. Wabudha, ambao katika Kipali huita chanzo cha mateso “tanha”, neno ambalo asili yake ni kiu, walijenga juu ya mfano huo mafundisho yote ya namna ya kuiacha dunia. Lakini mfano wa kiu una kasoro, nayo ni kwamba upungufu peke yake hauzai kutaka. Binadamu hana mkia wala mabawa, hana cheo katika serikali za nchi asizozijua, hana jibu la maelfu ya maswali ambayo hajawahi kuulizwa, na katika mengi ya hayo haoni haja yoyote. Mambo anayoyakosa hayana idadi, na anayoyataka ni machache. Ili pengo ligeuke kuwa takwa, lazima kiongezeke kitu kingine, na kitu hicho hakiwezi kuwa pengo la pili.

Kiswahili kina ushahidi wake katika shauri hili, na inashangaza kwamba wanafalsafa wanaofundisha katika vyuo vya Afrika Mashariki hawautumii zaidi. Wanaisimu wengi wanakubali kwamba kiambishi cha wakati ujao, ile -ta- ya “atakuja”, ni kifupisho cha kitenzi -taka, na umbo kamili limesalia pale ambapo kirejeshi kinaingia, kama katika “atakayekuja” na “tutakapofika”. Kiingereza kilipita njia hiyohiyo kwa kitenzi kingine, kwa kuwa “will”, kinachounda wakati ujao wa Kiingereza cha leo, zamani kilikuwa kitenzi kamili cha kutaka. Lugha mbili zisizo na undugu zimeichukua kesho kutoka katika kutaka, na jambo hilo lingemfurahisha Socrates, ingawa halimpi ushindi wote. Mswahili husema pia kwamba mvua inataka kunyesha na kwamba jua linataka kuchwa, na mgonjwa aliyenusurika husemwa kuwa alitaka kufa. Wingu halipungukiwi na mvua, limejaa. Wala mgonjwa hakuitamani mauti. Kinachosemwa katika matumizi haya ni kwamba jambo lilikuwa limekwisha kuelekea mahali fulani na lilikuwa karibu kufika, na hiyo ndiyo sehemu ya kutaka ambayo nadharia ya upungufu inaiacha nje: mwelekeo.

Plato aliyajua hayo, ingawa wanaomnukuu husahau. Baadaye katika karamu ileile, Socrates anasimulia aliyofundishwa na mwanamke mwenye hekima aitwaye Diotima, kwamba Eros, roho ya mapenzi na kutaka, ni mtoto wa wazazi wawili: mama yake ni Penia, yaani Ufukara, aliyekuja kuombaomba mlangoni siku ya sherehe ya kuzaliwa kwa Aphrodite, na baba yake ni Poros, yaani Uwezo au Njia, aliyekuwa amelewa na kulala katika bustani ya Zeu. Wafuasi wa nadharia ya upungufu humkumbuka mama na kumsahau baba. Kwa mujibu wa hadithi yenyewe, fukara asiye na njia yoyote akilini hamzai Eros. Hubaki fukara tu.

Mtu mwenye tahadhari anaweza kuuliza kama ni halali kuipima nafsi kwa sarufi, ilhali Mwingereza na Mswahili wana nafsi za aina moja na vitenzi tofauti. Tahadhari hiyo ni ya haki. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford alilijibu swali la namna hiyo mwaka 1956 kwa kusema kwamba lugha ya kila siku haina neno la mwisho katika falsafa, ila inastahili neno la kwanza, kwa kuwa tofauti zilizohifadhiwa ndani yake ni zile ambazo vizazi vya wasemaji vimeziona kuwa zinafaa kuhifadhiwa. Kwa msingi huo sarufi ya kutaka inastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, hasa katika swali la kitu gani hasa kinachotakwa.

Kwa macho ya haraka, yambwa ya kitenzi hiki, yaani neno linalotaja kile kinachopokea tendo, ni kitu: mtu anataka nyumba, anataka chai, anataka gari. Mwanaisimu wa Kimarekani James McCawley alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba sentensi za namna hiyo zina kishazi kilichofichika, yaani sentensi ndogo ndani ya sentensi, na hoja yake inahamia Kiswahili bila kupoteza nguvu. Ikisemwa kwamba Bakari anataka gari la jirani hadi kesho kutwa, maneno “hadi kesho kutwa” hayapimi muda wa kutaka kwa Bakari, kwa maana huenda hamu hiyo ikaisha jioni ya leo. Yanapima muda wa kuwa nalo, ingawa “kuwa nalo” hakukutamkwa. Kumbe kinachotakwa si gari, ni kuwa na gari. Kiingereza kinaficha mengine pia. Wasemaji wake huunganisha “want” na kiambishi cha kitenzi kinachofuata na kutamka “wanna”, lakini hufanya hivyo kwa urahisi pale tu mtakaji na mtendaji wanapokuwa mtu mmoja. Anayeuliza mwenzake anataka nani ashinde hawezi kuunganisha maneno hayo bila sentensi kuharibika, kana kwamba yule mtendaji aliyeondolewa ameacha kiti chake wazi katikati. Kiswahili hakifichi kiti hicho. Asha anataka kwenda Tanga, au Asha anataka Bakari aende Tanga: katika sentensi ya kwanza kitenzi-jina kinatosha kwa sababu mtu ni mmoja, na katika ya pili dhamira tegemezi, ile yenye irabu -e mwishoni, inamtangaza mtendaji wa pili waziwazi.

Tofauti nyingine ni ya ndani zaidi. W. V. Quine, mwanafalsafa wa Harvard, aliandika mwaka 1956 kwamba anayesema anataka mashua anaweza kumaanisha mambo mawili yasiyofanana: ama kuna mashua fulani aliyoiona na anaitaka hiyohiyo, ama anataka tu kuondokana na hali ya kukaa bila mashua, na yoyote itamfaa. Sentensi ya Kiingereza haionyeshi ipi ndiyo ipi. Kwa Kiswahili, mvuvi anayetaka ngalawa na mvuvi anayeitaka ngalawa wamekwisha kutofautiana kabla mwanafalsafa hajafika, kwa sababu kiambishi -i- hakiingii kwa kawaida ila ngalawa iwe inajulikana. Kwa binadamu tofauti ni kali zaidi. Kijana anayetaka mchumba bado hajamwona mtu. Anayemtaka Asha amemwona, na wazazi wa Asha wakiambiwa kwamba kijana fulani anamtaka binti yao hawaulizi maana yake. Ule upungufu wa Socrates unaeleza vizuri takwa la aina ya kwanza, lisilo na kiambishi, ambamo kinachotafutwa ni pengo kuzibwa na chochote kinachotosha. Takwa la aina ya pili halizibwi na mbadala. Anayemtaka Asha akiletewa Zuhura, hata kama Zuhura anamzidi Asha kwa kila sifa, hajapewa alichotaka, na ni vigumu kuona jinsi pengo, ambalo kwa asili yake halina jina la mtu, lingeweza kuwa na uchaguzi wa namna hiyo.

Mwanafalsafa Elizabeth Anscombe, katika kitabu chake Intention cha mwaka 1957, aliongeza sharti ambalo linakamilisha picha. Mtu akisema anataka kisahani cha tope, na akiulizwa cha nini akajibu kwamba si cha kitu chochote, wala hakimpendezi, wala hakina kazi, ila anakitaka tu, msikilizaji hana budi kusema kwamba hajamwelewa bado. Kutaka kunakoeleweka hubeba ndani yake wema fulani ambao mtakaji ameuona au amedhani ameuona katika kitu chake, na kunajidhihirisha kwa jitihada ya kukipata. Penia na Poros wamerudi kwa sura nyingine, safari hii baba akiwa mbele.

Kutoka hapa swali la dini linakaribia. Vitabu vya dini havimwamuru mtu ale au asile tu. Vinaingia hadi kwenye kutaka kwenyewe, kama inavyofanya amri ya kumi ya Musa inapokataza kuitamani nyumba ya jirani. Jambo hilo lina utata wa kisarufi usiokuwa mdogo, kwani katika maisha ya kawaida hakuna anayemwamuru mwenzake kwa kitenzi hiki. Wazazi husema “kula”, “lala”, “soma”, na hawasemi “taka”. Immanuel Kant alilitatua tatizo hilo mwaka 1785 kwa kusema kwamba upendo unaoamriwa ni ule wa matendo, kwa kuwa hisia haziamriki, na jibu hilo, pamoja na heshima zote alizo nazo, ni jembamba. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaonekana kuona mbali zaidi katika sehemu za Ihya Ulum al-Din zinazohusu malezi ya nafsi: matamanio na ghadhabu haziwezi kung’olewa, na mwenye kudai kuzing’oa hajui anachosema, kwa sababu bila hizo binadamu asingekula wala kujilinda, zinaweza tu kutiishwa mpaka zikafuata akili na sheria. Kinachoamriwa, basi, ni msimamo wa mtu juu ya matakwa yake.

Wazo hilo la takwa juu ya takwa lilipewa umbo rasmi na mwanafalsafa Harry Frankfurt mwaka 1971. Alitofautisha matakwa ya daraja la kwanza, kama mlevi kutaka pombe, na ya daraja la pili, kama mlevi huyohuyo kutaka asiitake pombe au, zaidi ya hapo, kutaka kwamba hamu ya kuiacha ndiyo imtawale. Kiumbe asiye na daraja la pili, ambaye huchukuliwa na hamu yoyote inayoamka bila kujali ni ipi, alimwita kwa neno la kale la Kiingereza “wanton”. Kwa tanbihi tu, neno hilo halikutoka katika “want” kama masikio yanavyodhani, ila maneno hayo mawili yana mzizi mmoja wa mbali wenye maana ya kukosa, na kilichokosekana katika hili la pili ni malezi: asiyelelewa. Mtume Paulo, katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi, na Augustino, katika kitabu cha nane cha Maungamo yake, waliielezea vita hiyo ya ndani kwa uchungu ambao Frankfurt hakuukusudia, Augustino akikiri jinsi alivyokuwa akiomba usafi wa mwili na papo hapo akitumaini kwamba dua yake itacheleweshwa kujibiwa.

Masufi waliisukuma hoja hiyo mpaka ukingoni. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako twarika ya Kadiria ilienezwa na Sheikh Uways wa Barawa kabla ya kuuawa mwaka 1909, mwanafunzi wa njia huitwa muridi, na wengi wanaolitamka neno hilo hawatambui kwamba katika Kiarabu maana yake ni mwenye kutaka, kutoka mzizi uleule wa neno irada, yaani kutaka. Na hapo ndipo penye kitendawili, kwa sababu inasimuliwa kwamba Abu Yazid al-Bistami, mmoja wa mabwana wa mwanzo wa njia hiyo, alipoulizwa anataka nini alijibu kuwa anataka asitake. Wakosoaji wameona ndani ya jibu hilo mtu anayejipinga, kwani kutaka kutotaka nako ni kutaka. Hesabu ya madaraja inamwokoa: takwa lake liko katika daraja la pili, na linalokataliwa liko katika la kwanza, kwa hiyo vyote viwili vinaweza kukaa katika moyo mmoja bila kugombana. Wabudha waliobanwa kwa swali hilohilo walijibu kwa njia inayokaribiana na hiyo, wakitenganisha kiu na azma ya kuishinda kiu. Hata hivyo jibu la madaraja linaacha swali moja zito. Mtu akiisha kuyatiisha matakwa yake yote, je, kunabaki kutaka kokote ambako si dalili ya upungufu, au ukamilifu wa nafsi ni kimya kitupu?

Rabia al-Adawiyya wa Basra, mwanamke wa karne ya 8, alijibu kwa namna ya ibada yake. Kwa mujibu wa yanayopokewa kuhusu yeye, alikataa kumwabudu Mungu kwa kuogopa moto au kwa kutumaini pepo, na akaona kwamba anayeitaka pepo bado anataka kitu. Kwa istilahi za hapo juu, yeye alidai kutaka kwenye kiambishi cha mtu, kumtaka Mungu mwenyewe, bila kishazi kilichofichika cha kuwa na chochote. Kama kutaka kwa namna hiyo kunawezekana, na mapenzi ya kawaida ya wanadamu yanaelekea kuonyesha kwamba kunawezekana japo kidogo, basi McCawley hakumaliza maneno.

Lakini Kiswahili kina umbo jingine la kitenzi hiki ambalo linapita hata hapo. Kauli ya kutendea, ile inayoongeza -i- au -e- kabla ya irabu ya mwisho ili kuonyesha kwamba tendo linafanywa kwa ajili ya mtu, humgeuza mtakaji kuwa mtakiaji: mama anamtakia mwanawe elimu, rafiki anamtakia rafiki safari njema, na mswali anawatakia waliotangulia rehema. “Want” haina umbo hilo. Mwingereza akitaka kusema hivyo hukimbilia kitenzi kingine, “wish”. Katika kutakia kuna nafasi mbili za yambwa, moja ya mtu na nyingine ya jambo jema linaloelekezwa kwake, na ni muhimu kutambua kwamba hakuna kati ya hizo inayosema kwamba mtakiaji amepungukiwa. Aliyeelimika mwenyewe humtakia mwanawe elimu kwa nguvu kuliko asiyeelimika. Aliye nyumbani salama ndiye anayemtakia salama aliye njiani.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Retoriki, aliieleza maana ya kupenda kwa maneno ambayo Mswahili angeyafupisha kwa kitenzi hicho kimoja: ni kumtakia mtu mambo anayoyaona mtakiaji kuwa mema, kwa ajili ya mtu huyo na si kwa ajili ya nafsi ya mtakiaji. Thomas wa Akwino akaichukua kauli hiyo katika karne ya 13 na kuipanua, akasema kwamba mwendo wa upendo una vikomo viwili, jema linalotakwa na mtu anayetakiwa jema hilo, na kwamba upendo kwa mtu ndio upendo wenyewe, hali upendo kwa lile jema ni wa daraja la chini, kwa kuwa linapendwa kwa ajili ya mwingine. Yaliyomgharimu Thomas ufafanuzi mrefu wa Kilatini yamekaa ndani ya silabi moja ya Kiswahili. Waislamu nao wana hadithi mashuhuri, ya kumi na tatu katika Arobaini za Imam an-Nawawi, inayoifanya imani ya mtu kuwa pungufu mpaka ampendelee nduguye anachoipendelea nafsi yake.

Hapo ndipo linapoweza kujibiwa swali lililomsumbua Baruch Spinoza, ambaye kitabu chake cha Maadili kilichapishwa mwaka 1677 baada ya kifo chake. Katika kiambatisho cha sehemu ya kwanza anahoji kwamba, ikiwa Mungu anatenda kwa ajili ya lengo, basi lazima anataka kitu asicho nacho, na Mungu mwenye upungufu si Mungu. Kwa hoja hiyo anayafuta kwa pamoja makusudi yote ya Mungu katika uumbaji. Hoja ni safi kimantiki, na inasimama au kuanguka pamoja na sentensi moja ambayo Spinoza hakuitetea popote hapo, kwamba kutaka ni kutaka kwa ajili ya nafsi yako. Agathon aliikubali sentensi hiyo haraka mno mezani kwake, na Spinoza aliikubali bila hata ya karamu.

Wanaoamini hawakuwa na haja ya kuikubali. Qurani inamwita Mwenyezi Mungu al-Ghani, Mkwasi asiyehitaji, na papo hapo inasema kuhusu matakwa yake, kama katika aya ya 185 ya Sura ya al-Baqara, inayoeleza kwamba katika hukumu za saumu anachowatakia waja ni wepesi. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, katika tafsiri yake ya Kiswahili, alitumia hapo kitenzi cha kutakia, na kwa chaguo hilo aliondoa mgongano ambao msomaji wa tafsiri ya Kiingereza yenye “want” angeweza kuuona: Mkwasi hawezi kupungukiwa na wepesi, ila hakuna kinachomzuia kuwatakia wepesi wasio nao. Upungufu upo kweli, lakini uko upande wa wanaotakiwa.

Linabaki tatizo la maovu, ambalo sarufi ya ukanushi inaligusa kwa pembeni. Msemaji anayesema “sitaki aje” haripoti kwamba ndani yake hakuna takwa lolote kuhusu ujio huo. Anasema anataka asije, na Kiingereza kina tabia hiyohiyo. Lugha zote mbili hazina namna nyepesi ya kusema kwamba takwa halipo tu, bila kuelekea huku wala kule, na kwa sababu hiyo waumini wengi hudhani kwamba Mungu ama anayataka maovu yanayotokea ama anataka yasitokee na ameshindwa. Thomas wa Akwino alilazimika kuifungua nafasi ya tatu kwa nguvu: Mungu hataki maovu yawepo, wala hataki yasiwepo, ila anataka kuyaruhusu. Waashari katika elimu ya kalam, yaani teolojia ya Kiislamu, walipita njia tofauti, wakisema kwamba yote yatokeayo yamo ndani ya irada yake na kwamba irada si sawa na ridhaa, huku Wamutazila wakishikilia kwamba Mungu mwadilifu hawezi kuutaka uovu kwa namna yoyote. Mjadala huo haukumalizwa na hautamalizwa na kitenzi. Lakini anayeuingia akidhani kwamba kutaka ni neno jepesi lenye maana moja atashindwa kabla hajaanza.

Kwa sababu hizo, atakayezifasiri kwa Kiswahili kazi za falsafa zilizoandikwa au kufasiriwa kwa Kiingereza, ziwe za Plato, Spinoza au Frankfurt, asiridhike na “kutaka” kila anapokutana na “want”. Mahali pengine litafaa “kupungukiwa”, pengine “kutamani”, pengine “kumtaka” na kiambishi chake, na pale panapozungumzwa upendo, wa Mungu au wa binadamu, kwanza ajaribu “kutakia”, kisha aisome hoja tena aone kama bado imesimama.